Zabibu za Mwanza na zabibu za kwenye theluji: mzabibu lazima ulale, uwe kando ya ziwa au kwenye barafu

Mwana_Igombe (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nikimwambia mtu nalima zabibu Igombe, hapa hapa kando ya Ziwa Victoria, jibu huwa ni moja: zabibu ni za Dodoma. Nikiongeza kwamba mdogo wangu naye anazo nyuma ya nyumba yake Minnesota, Marekani, ambako Januari maziwa yanaganda hadi watu wanapita na magari juu yake, wengi wanadhani nawatania. Si utani. Nimefungua uzi huu kwa sababu habari za zabibu za kwenye baridi ndizo zilizonifungua macho kuhusu hizi za kwetu. Ukielewa mzabibu unavyoishi kwenye baridi, utaelewa kwa nini hapa Mwanza unakuta nyumba ina mzabibu umetanda juu ya kibanda cha gari, kivuli kizito, majani mapana, na wenye nyumba hawajawahi kula hata kichala kimoja.

Mzabibu tunaoufahamu asili yake ni nchi za majira manne. Siku zikianza kufupika na baridi kuingia, matawi ya kijani yanageuka kahawia na kukakamaa, wanga unarudi kuhifadhiwa kwenye shina na mizizi, majani yanaanguka, macho yanajifunga. Unakaa hivyo miezi kadhaa. Joto likirudi, macho yanaamka karibu yote kwa pamoja, na kila chipukizi linatoka na vichala vyake. Hapa naomba tusipite haraka: vichala havianzi siku chipukizi linapotoka. Vilishaanza kutengenezwa ndani ya jicho msimu uliotangulia, wakati tawi lile lilipokuwa linapata jua. Kwa hiyo tawi lililokulia gizani, chini ya lundo la majani, macho yake mengi hayana kitu ndani hata uyaamshe vipi.

Sasa uhamishie mmea huo Mwanza. Hakuna baridi ya kuuambia ulale. Jicho la nchani linaendelea kukua tu, na kadiri linavyokua linayazuia ya nyuma yake yasiamke. Nguvu yote inaishia kwenye urefu. Mwaka wa tatu una kamba ya mita kumi yenye majani mwishoni na ukavu katikati.

Kule kazi ya mkulima ni kuulinda usife ukiwa umelala. Huku kazi ni kuulaza. Tunaulaza kwa kiu na mkasi: unapunguza maji mpaka ukuaji usimame na majani yaanze kuzeeka, unayavua yaliyobaki kwa mkono, unapogolea, halafu unarudisha maji na samadi. Ndani ya wiki mbili au tatu macho yanaamka kwa pamoja kama vile majira ya baridi yamepita. Kutoka siku ya kupogolea hadi kuvuna ni miezi minne hivi.

Suala la pili ni lini uupogolee, na hapa ndipo Mwanza inaachana na Dodoma. Kwa mwinuko tunalingana: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma nayo iko kwenye 1,100 na kidogo. Joto halitofautiani sana. Tofauti ni maji juu ya majani. Dodoma inapata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Sisi tunapata kama milimita 1,000, kwa misimu miwili, vuli na masika, na katikati yake ziwa linatuletea umande na unyevu. Zabibu haiogopi mvua kwenye mizizi. Inaogopa jani lililolowa usiku kucha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe, Magu, hata Musoma, ni mavuno mamoja makubwa kwa mwaka, yakiwa yamepangwa ndani ya kiangazi. Masika ikianza kukatika mwezi Mei, acha udongo ukauke, vua majani, pogolea katikati ya mwezi. Maua yatafunguka kiangazi kimeshashika. Vichala vitanenepa Julai na Agosti ukimwagilia. Utavuna katikati ya Septemba, vuli haijafika. Oktoba unapogolea tena, lakini safari hii si kwa ajili ya matunda. Ni kwa ajili ya kupata matawi mapya ya mwaka unaofuata, na vichala vitakavyojitokeza unaviondoa. Mvua za vuli zikuze matawi, jua la Januari na Februari liyaivishe.

Jambo hili si geni duniani. Wakulima wa Nashik, India, wenye masika makali kuliko yetu, wanapogolea Aprili kwa ajili ya matawi na Oktoba kwa ajili ya matunda, ili zabibu ziive wakati mkavu. Petrolina, kando ya Mto São Francisco kule Brazili, ni nchi kavu ya joto, nao wanaamua mwezi wa kuvuna kwa kupanga kumwagilia na kupogolea.

Mdogo wangu yumo humu jukwaani, nimemwomba aeleze ya kwake. Karibuni.

Binti_Nyegezi

Asante sana mtoa mada. Umenieleza mimi kabisa, ninao mmoja Nyegezi umepanda mpaka juu ya bati. Ulianza kuzaa vizuri tu, vichala vitano au sita, halafu majani yakapata unga mweupe. Baadaye yakaja madoa ya manjano, punje zikakauka zikawa nyeusi. Duka la pembejeo nimepewa dawa ya nyanya. Haijasaidia. Ni ugonjwa gani huu kaka?

Mwana_Igombe

Pole dada. Kwa maelezo yako ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni ubwiri unga. Unaonekana juu ya jani na kwenye punje changa, kama majivu. Ukipitisha kidole yanafutika. Punje zikipata huo unga ngozi inakakamaa, nyama ya ndani inaendelea kukua, punje inapasuka. Ubwiri unga hauhitaji mvua, unyevu wa hewa na kivuli vinatosha. Dawa yake ni salfa, ya kupulizia au ya vumbi, lakini usipulize jua likiwa kali na joto limepita nyuzi 30, utaunguza majani.

La pili ni ubwiri vinyoya, na hili ndilo adui mkubwa wa ukanda wa ziwa. Toka asubuhi na mapema baada ya usiku wa mvua, chukua jani lenye doa la manjano, lile linalong'aa kama limedondokewa mafuta. Ligeuze. Upande wa chini, pale pale chini ya doa, utaona vinyoya vyeupe vimesimama, laini kama pamba. Jua likipanda vinasinyaa, ndiyo maana anayekagua shamba saa sita mchana havioni. Salfa haifanyi kitu hapa. Dawa ya siku nyingi ni mrututu, yaani chumvi ya shaba ya rangi ya bluu, ikichanganywa na chokaa.

Magonjwa yote mawili yalitoka Amerika yakavamia Ulaya katika karne ya 19. Ubwiri unga ulionekana Uingereza mwaka 1845, ubwiri vinyoya ukaonekana Ufaransa mwaka 1878, na dawa ya mrututu na chokaa ikatangazwa na Millardet wa Bordeaux mwaka 1885. Mizabibu ya Ulaya haikuwahi kukutana na magonjwa hayo, haikuwa na kinga. Mizabibu pori ya Amerika ilikua nayo pamoja, ikajenga ukinzani. Shikilia hilo, mdogo wangu ataligusa.

Ila dada, kabla ya dawa yoyote ondoa huo mzabibu kwenye bati. Jani lililolala juu ya jani halikauki. Hewa ikipita, nusu ya ugonjwa inaondoka bila senti.

Mdogo_StPaul

Shikamoo kaka. Shikamooni wakubwa wote, na wa rika langu habari zenu.

Mimi niko jirani na St. Paul. Nianze na kinachoua mzabibu huku, kwa sababu nyumbani wengi wanadhani ni theluji. Theluji inausaidia, inafunika shina la chini na kulikinga. Kinachoua ni baridi ya hewa, hasa inayokuja ghafla. Mizabibu ya Ulaya, ambayo kitaalamu ni Vitis vinifera, jamii ya Chenin Blanc na Cabernet, ikiwa imelala vizuri inavumilia hadi nyuzi 15, baadhi hadi 20, chini ya sifuri. Ukipita hapo macho yanaanza kufa, halafu shina linapasuka na bakteria wanaingia kwenye ufa na kuotesha uvimbe. Huku usiku wa Januari wa nyuzi 25 chini ya sifuri ni wa kawaida.

Lakini kuna mzabibu pori, Vitis riparia, unaota wenyewe kandokando ya mito ya huku na kuvumilia hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Punje zake ni ndogo, chachu, zimejaa mbegu. Watu walikaa miaka mingi wakiuchanganya na mizabibu mitamu. Mmoja wao ni Elmer Swenson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Osceola, Wisconsin, aliyefanya kazi hiyo shambani kwake hadi uzeeni. Chuo Kikuu cha Minnesota nacho kikatoa aina zake: Frontenac mwaka 1996, La Crescent 2002, Marquette 2006, Itasca 2017. Mimi nina Frontenac na Marquette. Kwa kuwa wana damu ya mizabibu ya Amerika, wengi wa aina hizi wana ukinzani fulani dhidi ya ubwiri pia. Hilo ndilo kaka alilokuwa analisema.

Aina nzuri pekee haitoshi. Tawi lisipoiva kabla ya baridi linakufa hata kama ni la Frontenac. Kuanzia katikati ya kiangazi cha huku hatuweki mbolea ya naitrojeni, maana mmea ukiendelea kusukuma majani mabichi mwezi Septemba, tawi linaingia kwenye barafu likiwa kijani. Mwezi Oktoba nakagua: sehemu iliyogeuka kahawia na kuwa ngumu itaishi, iliyobaki kijani nahesabu imekufa.

Halafu Machi, kabla ya kupogolea, tunachukua matawi machache ndani ya nyumba, tunayaacha yapate joto siku moja mbili, tunachukua wembe na kukata macho kwa ubapa. Ndani ya kila jicho la mzabibu kuna vijicho vitatu: mkubwa katikati na wadogo pembeni. Kikiwa kibichi cha kijani ni kizima. Kikiwa cha kahawia au cheusi kimekufa. Ukikata macho kumi ukakuta vikubwa vitano vimekufa, unaacha macho mara mbili ya kawaida unapopogolea. Aina hizi chotara zina faida nyingine: hata kijicho cha pembeni kinatoa matunda kiasi, wakati mizabibu mingi ya Ulaya kijicho cha pembeni hutoa majani tu au vichala vichache.

Shina hatuachi moja. Tunaacha mawili au matatu kutoka chini, ili moja likipasuka mengine yaendelee. Na wengi tunapanda mche uliooteshwa kwa pingili, haukubebeshwa juu ya shina lingine, kwa sababu juu kukifa kote, kitakachochipua kutoka kwenye mizizi ni Frontenac ile ile.

Hatari ya mwisho ni sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu, ya mwezi Mei. Chipukizi likishafunguka, nyuzi mbili chini ya sifuri zinatosha kuliua. Ndiyo maana tunachelewa kupogolea hadi mwishoni mwa Machi au Aprili, na wengine wanapogolea mara mbili: kwanza wanaacha matawi marefu, macho ya nchani yanaamka kwanza na kuyachelewesha ya chini, hatari ikipita wanakata hadi pale wanapotaka. Nadhani mmeona, kile kinachowasumbua Mwanza, jicho la nchani kuyazuia ya nyuma, huku tunakitumia kama kinga.

Wasiotaka chotara wana njia ya kuufukia. Ningxia, China, mwishoni mwa Oktoba na Novemba wanaulaza mzabibu chini, wanaufukia kwa udongo, Aprili wanaufukua. Kazi hiyo ni nzito, na kila mwaka baadhi ya mashina yanavunjika.

Mwana_Mpunguzi

Nawasalimu kutoka Dodoma, kijiji cha Mpunguzi. Uzi mzuri, mtoa mada anajua anachosema. Lakini nina hoja. Sisi huku tunavuna mara mbili, Februari hadi Aprili, na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya kwanza yanakutana na mvua na tunavuna. Kwa nini umnyime mtu wa Mwanza nusu ya kipato? Makutupora Nyekundu, aina yetu ya zabibu ya huku, haichagui, mpe dawa tu.

Mwana_Igombe

Karibu sana ndugu yangu, na heshima kwenu. Zabibu ya nchi hii tangu ilipoanza na wamisionari wa Bihawana imebebwa na mikono yenu, na pingili zangu zilitoka huko huko.

Hoja yako naielewa, ila angalia mvua yenyewe. Mvua ya Dodoma hata Januari inapiga, inaacha, jua linatoka, jani linakauka. Huku ziwani mvua nyingi inaanza usiku au alfajiri, na asubuhi inabaki na wingu na umande. Jani linakaa bichi saa nyingi. Mkulima akilazimisha mavuno ya masika, maua yanafunguka mvua ikiwa juu yake, chavua inaoshwa, kichala kinabaki na punje chache, halafu ubwiri vinyoya unamalizia. Atapuliza dawa kila wiki. Gharama ya dawa inakula ile faida, na sumu inaingia kwenye chakula cha watoto. Kwa mwenye shamba kubwa lenye paa la plastiki juu ya mistari, sawa, avune mara mbili. Mimi naongea na mwenye robo eka au mizabibu minne uani.

Na kuna sababu nyingine. Mmea unaovunwa mara mbili bila kupumzika unatumia akiba ya mizizi. Nyinyi mna kiangazi kirefu cha kuurudishia nguvu. Sisi hatuna.

Mwana_Mpunguzi

Hapo kwenye mvua ya alfajiri nimekuelewa. Hata huku miaka ya mvua nyingi wanaovuna Machi wanalia. Nakubali kwa mwenye uani. Ila usiwakatishe tamaa wenye mitaji.

Mzee_wa_Ukerewe

Habari zenu wanangu. Mimi nina sehemu Ukerewe, udongo ni luseni, mchanga mchanga wa juu mlimani, na chini kuna mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Kuna miamba mikubwa upande wa magharibi. Nimesoma mahali kwamba kule kwenye baridi zabibu zinapandwa kwenye ukuta au mawe yanayoshika joto. Je, nipande pale mwambani? Na hili ziwa linanisaidia au linaniharibia?

Mdogo_StPaul

Shikamoo mzee. La ukuta ni kweli kwa huku. Uingereza na nchi nyingine za kaskazini watu wanapanda mzabibu kwenye ukuta unaotazama kusini, kwa sababu kwa upande huu wa dunia jua linapita kusini. Ukuta unapata joto mchana na kulirudisha usiku, punje zinaiva kabla ya Oktoba. Ziwa nalo huku linasaidia sana. Niagara, Kanada, zabibu zinastawi kwa sababu ya Ziwa Ontario: maji yanachelewa kupata joto, yanaifanya hewa ya pwani ibaki baridi mwanzoni mwa msimu, macho hayaamki mapema yakakutana na sakitu. Mwishoni mwa msimu maji yanachelewa kupoa, yanaongeza wiki kadhaa za kuivisha. Maziwa marefu ya Finger Lakes, New York, ni hivyo hivyo. Huko Konstantin Frank, mhamiaji kutoka Ukraine, alionyesha kwamba hata mzabibu wa Ulaya unaweza kuishi kwenye baridi ile ukibebeshwa juu ya shina linalofaa na kupandwa kwenye mteremko wa karibu na maji. Alianzisha kiwanda chake mwaka 1962.

Mwana_Igombe

Shikamoo mzee wangu. Niongeze kwa upande wa nyumbani. Sisi joto tunalo, halina haja ya kuongezwa na mwamba. Tunachokosa ni ukavu wa hewa. Kwa hiyo mwambani pale, kama ni kona iliyofungwa isiyopitisha upepo, usipande. Asubuhi umande utakaa hadi saa nne. Panda mahali ambapo upepo wa ziwa wa mchana unapita katikati ya mistari, na mistari uielekeze upande upepo unakotoka. Hapo ziwa linakusaidia: usiku linaleta unyevu, mchana upepo wake unakausha.

Luseni ni udongo wako wa zabibu, mzee. Maji yanapita, mizizi inashuka. Ni maskini wa rutuba, kwa hiyo weka samadi iliyooza vizuri kwenye shimo la nusu mita, na kila baada ya kuvuna. Mbuga usiiguse, masika inajaa maji mizizi inakosa hewa, kiangazi inapasuka na kukata mizizi. Kwenye itogolo, ule udongo wenye tabaka ngumu chini yake, pia uchimbe kwanza uone kama tabaka hiyo iko karibu.

Halafu penye miamba pana pimbi. Wanapenda machipukizi laini, wanaweza kumaliza mche mchanga kwa usiku mmoja. Zungushia wavu mpaka shina likomae. Tumbili na ndege watakuja zabibu zikianza kubadilika rangi, hapo unahitaji chandarua juu ya vichala.

Fundi_Buhongwa

Nguzo za mti gani, na waya kiasi gani? Mchwa wa huku hawana huruma.

Mwana_Igombe

Kama unaweza, nguzo za zege za pembeni na za mti uliotibiwa katikati. Urefu wa mita mbili juu ya ardhi, waya wa mabati mistari mitatu. Wa chini uwe usawa wa kiuno ili majani ya chini yasipigwe na matone ya udongo. Kichanja cha bapa kama cha kivuli kinapendeza, lakini kinafuga ubwiri. Mistari iliyosimama wima ni bora zaidi huku.

Kijana_Igoma

Mkuu, kama hizo Frontenac zina ukinzani wa ubwiri, huyo ndugu asituletee pingili kwenye begi akija likizo? Tukazipanda huku tutaacha kupuliza dawa.

Mdogo_StPaul

Ndugu yangu, wazo limenijia mwenyewe na nimelikataa kwa sababu mbili.

Kwanza, mmea wenyewe. Vitis riparia inapima urefu wa siku. Huku mwezi Juni mchana unazidi saa 15, nao unakua kwa kasi kubwa. Mchana ukipungua hadi kama saa 13, unaanza kuacha kukua na kujiandaa kwa baridi, hata kama hewa bado ina joto. Mwanza mchana ni saa 12 mwaka mzima. Mche wenye damu nyingi ya riparia utaona kila siku ni siku ya kulala. Utabaki mfupi, utachipua kidogo na kusimama.

Pili, kuna mdudu anaitwa filoksera, anaishi kwenye mizizi na majani ya mizabibu ya Amerika. Alipofika Ulaya miaka ya 1860, aliangamiza mashamba ya Ufaransa, na mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya inabebeshwa juu ya mashina ya Amerika kwa sababu yake. Virusi navyo vinasafiri ndani ya pingili bila kuonekana. Siwezi kuhatarisha mashamba ya Dodoma kwa begi langu.

Mwana_Igombe

Umenena mdogo wangu. Mimea kutoka nje inaingia kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kukaguliwa. Aina mpya zikitafutwa, kazi hiyo iende kwa watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Makutupora, wanaoweza kuzijaribu mahali salama. Nami ningefurahi sana siku moja waijaribu aina yenye ukinzani wa ubwiri huku kanda ya ziwa, kwa sababu ndiyo itakayobadilisha maisha ya mkulima mdogo.

Kwa sasa tumia Makutupora Nyekundu. Chukua pingili nene kama penseli, iliyogeuka kahawia, yenye macho matatu au manne. Kata chini kwa ubapa wa moja kwa moja na juu kwa mshazari, ili usikosee upande wa kupanda na maji yasitulie juu. Fukia macho mawili. Iweke kivulini kwenye mfuko wa mchanga na samadi mpaka ishike mizizi.

Binti_Nyegezi

Kaka nimeshaushusha kwenye bati, fundi amekuja leo. Nimekata kama ulivyosema na sasa matawi yanadondosha maji kama yanalia, mama anasema nimeuua. Na huo mrututu na chokaa nachanganya vipi? Dukani wameniuzia vyote bila maelezo.

Mwana_Igombe

Mwambie mama shikamoo, na umtoe wasiwasi. Hayo ni maji ya mizizi yanayopanda, yanatoka kwenye kidonda mpaka kijifunge chenyewe. Ni dalili kwamba mizizi ni mizima. Usipake rangi wala kufunga nailoni.

Kipimo: gramu 100 za mrututu, gramu 100 za chokaa ya kujengea iliyo safi, lita 10 za maji. Tumia ndoo ya plastiki, mrututu unakula chuma. Yeyusha mrututu kwenye lita tano kwa ndoo moja, chokaa kwenye lita tano kwa ndoo nyingine, halafu mimina wa bluu kwenye chokaa polepole huku unakoroga. Chuja kwa kitambaa ili pampu isizibe. Tumia siku hiyo hiyo, ikilala inaharibika. Kwa machipukizi machanga punguza vyote nusu, maji yabaki yale yale, vinginevyo majani yataungua kingo.

Puliza asubuhi umande ukishakauka, na uhakikishe upande wa chini wa majani umelowa, maana vinyoya vinatokea huko. Anza chipukizi likiwa na majani matano, rudia baada ya mvua. Vaa glavu na ufunike pua. Vichala vikianza kulainika unaacha kabisa, na siku ya kuvuna unaviosha kwa maji mengi.

Kesho asubuhi ukipata nafasi tuma picha ya yale matawi uliyoyabakiza, nikuonyeshe ni macho mangapi ya kuacha kwa kila moja.